Jane Digby: kashfa ilimfuata mke, vyeo vikawafuata wanaume

Mwaka 1830 maaskofu na malodi wa Uingereza walikaa kitako Bungeni kumsikiliza mhudumu wa hoteli. Alitoka Brighton, mji wa pwani ambako wakubwa wa London walikwenda kupunga upepo, na kazi aliyoitiwa ilikuwa moja tu: kueleza alichokiona usiku mmoja katika hoteli ya Norfolk. Lady Ellenborough, yaani Jane Digby, alikuwa amefikia pale. Baadaye akaja mgeni wa kiume, mtu wa nje, na usiku huo akaonekana akiingia chumbani kwa bibi. Makarani wakaandika, magazeti yakachapa, na mambo ambayo watumishi walizoea kunong'onezana jikoni yakasomwa mezani na mabwana zao.

Mshtakiwa hakuwapo. Jane Digby, mwenye miaka 22 wakati huo, alikuwa ameshavuka bahari kwenda Bara la Ulaya, ambako Novemba ya mwaka uliotangulia alijifungulia binti mjini Basel. Talaka aliyoidai mumewe hakuipinga. Bunge likapitisha sheria maalumu, yenye kumhusu yeye na mumewe tu, na ndoa ikavunjwa.

Tangu siku hizo, kila anayesimulia maisha ya mwanamke huyu hugeuka mhasibu. Mume wa kwanza lodi wa Kiingereza, wa pili baroni wa Kijerumani, wa tatu mwungwana wa Kigiriki, wa nne shehe wa Kibedui. Na kati yao kuna mfalme, huenda wawili, na jenerali wa milimani. Hesabu hiyo ni tamu, nami sidai kwamba ni ya uongo. Lakini inatufanya tumtazame mtu mmoja tu katika kisa kilichokuwa na watu wengi. Ukiwatazama na wengine, utaona kwamba lililomtofautisha Jane na wenzake wa tabaka lake halikuwa idadi ya wapenzi. Lilikuwa kwamba alikataa kujificha, na kwamba alikuwa na fedha za kumwezesha kukataa.

Fedha zilianzia kwa baba. Henry Digby alikuwa nahodha wa jeshi la wanamaji aliyetajirika mwaka 1799 kwa kushiriki kuteka meli za Hispania zilizosheheni fedha, kwa sababu siku hizo nahodha alipata fungu lake katika kila meli aliyoiteka. Mwaka 1805 alipigana vita vya Trafalgar akiwa na manowari iliyoitwa Africa. Mama yake Jane alikuwa binti wa Thomas Coke wa Holkham, mmoja wa wamiliki wakubwa wa mashamba katika Norfolk. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1807 katika nyumba ya namna hiyo hakuulizwa anataka kuolewa na nani. Oktoba 1824, akiwa na miaka 17, alimwoa Edward Law, Lord Ellenborough. Nasema alimwoa kwa kejeli: aliozwa. Bwana harusi alikuwa na miaka 34, mjane wa mke wa kwanza, mwanasiasa mwenye njaa ya cheo, na wazazi wa pande zote waliridhika na biashara hiyo.

Ellenborough akarudi kwenye siasa zake. Bibi arusi akaachwa na London: dansi, michezo ya kuigiza, farasi, na vijana waliojua kuongea. Mtoto wa kiume, Arthur, alizaliwa Februari 1828, na wambeya wakamtazama binamu wa mama, Kanali George Anson. Hapo hapakuwa na kashfa bado. Watu wa tabaka lile walikuwa na utaratibu wao: mke akishazaa mrithi, au akishazaa mtoto ambaye mume amekubali kumwita wake, yanayofuata hayaulizwi, ilimradi meza ya chakula cha jioni ibaki na heshima yake. Wanawake wengi wa nyumba kubwa waliishi hivyo hadi uzeeni na wakazikwa kwa kengele za kanisa.

Kisha akaja Prince Felix zu Schwarzenberg, ofisa wa ubalozi wa Austria, kijana wa miaka 27. London ilimbandika jina la farasi. Katika mbio za Derby za mwaka 1828 farasi aitwaye Cadland alitoka sare na mwingine aitwaye The Colonel, wakarudia mbio, Cadland akashinda. Basi Mwaustria aliyempokonya kanali mpenzi wake akaitwa Cadland. Utani huu una maana kwangu kuliko ushahidi wote wa Brighton, kwa sababu unaonyesha kwamba mji mzima ulijua, ulicheka, na haukukasirika. Jane alikuwa zawadi ya mbio za farasi, na watazamaji walikuwa wakifurahia mchezo.

Hasira zilikuja pale alipoharibu mchezo. Alishika mimba ya Schwarzenberg, akamwacha mume, akamfuata mpenzi wake Ulaya. Angebaki nyumbani na kumzaa mtoto yule chini ya jina la Ellenborough, sidhani kama leo tungekuwa tunamzungumzia.

Hapa inafaa kueleza talaka ya Kiingereza ilivyokuwa, maana pasipo hilo kisa chote kinageuka umbeya. Mahakama za kawaida hazikuwa na mamlaka ya kuvunja ndoa. Mume aliyetaka kuwa huru kabisa, hadi kuweza kuoa tena, kwa kawaida alianzia mahakama ya kanisa, iliyoruhusu tu kutengana. Kisha alimfungulia mgoni wake kesi ya fidia. Mwisho alipeleka muswada Bungeni, upite barazani kwa malodi na kwa wabunge wa baraza la chini kama muswada wa barabara au wa kodi. Gharama zake zilimfaa tajiri peke yake. Katika zaidi ya miaka 150 ya utaratibu huo zilipita talaka mia tatu na ushee tu, na kati ya hizo wanawake waliofanikiwa kuwataliki waume zao ni wanne. Mume kuzini hakukutosha. Mwanamke wa kwanza kushinda, mwaka 1801, alishinda kwa sababu mumewe alizini na dada wa mke huyo.

Msomaji wa Tanzania asicheke haraka. Kesi ya fidia ya ugoni, ambayo Waingereza waliifuta kwao mwaka 1970, imo katika Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971, ingawa sisi tuliipanua ili mke naye aweze kumdai mwanamke aliyezini na mumewe. Tumeirithi, tukaisawazisha, hatujaitupa.

Katika muswada wa Ellenborough wapo wabunge waliothubutu kuuliza mume mwenyewe alikuwa wapi wakati mkewe mchanga akizunguka mjini peke yake, na zilikuwapo tetesi kwamba naye hakuwa mtakatifu. Haikusaidia kitu. Talaka ilipita mwaka huohuo wa 1830. Mtoto Arthur alifariki mwaka huo pia, hajatimiza hata miaka mitatu.

Sasa tuwafuate wanaume, maana wao hawafuatwi. Ellenborough alikuwa mjumbe wa baraza la mawaziri wakati kesi ikiendelea, na hakupoteza kiti kwa ajili yake. Mwaka 1842 alianza kazi ya Gavana Mkuu wa India. Chini yake Sindh ilitekwa mwaka 1843, na ingawa wakurugenzi wa Kampuni ya India Mashariki, iliyoitawala India, walimrudisha nyumbani mwaka 1844 kwa kuchoshwa na vita vyake, alipandishwa kuwa Earl, lodi wa daraja la juu zaidi, mwaka huohuo. Schwarzenberg, yule ambaye mhudumu alimwona akiingia chumbani, alimtelekeza Jane kabla ya mwaka 1831 kwisha, baada ya mtoto wao wa pili kufa akiwa mchanga. Novemba 1848 akawa waziri mkuu wa Austria. Ndiye aliyempandisha Franz Joseph kwenye kiti cha enzi na kusimamia kuzimwa kwa mapinduzi ya Hungary kwa msaada wa majeshi ya Urusi. Alifariki mwaka 1852 akiwa bado madarakani. Hakuna aliyesema kwamba mzinzi wa Brighton hafai kuongoza himaya.

Jane alikuwa na nini mkononi? Kwanza, binti wa Basel, ambaye alilelewa na familia ya Schwarzenberg. Pili, posho ya kila mwaka iliyotokana na talaka. Na hapa kuna kinyume kinachopendeza. Mwanamke wa Kiingereza aliyeolewa hakuwa na mali kisheria. Alichokuja nacho na alichochuma vilikuwa vya mumewe, mpaka sheria za mwaka 1870 na 1882 zilipobadili mambo. Matajiri walikwepa hilo kwa kuwawekea mabinti zao wadhamini, lakini hata hivyo mke hakuushika mfuko yeye mwenyewe. Bunge lililokusudia kumwaibisha Jane ndilo lililomwachia fedha zake mwenyewe. Akiwa na miaka 23 alikuwa na uhuru ambao rafiki zake wa kike, waliobaki kwenye ndoa zao za heshima, hawakuwahi kuuonja.

Aliutumiaje? Vibaya na vizuri. Alikwenda Munich, ambako Mfalme Ludwig wa Kwanza wa Bavaria alikuwa akikusanya sura za wanawake wazuri; mchoraji Joseph Karl Stieler alimchora Jane mwaka 1831, na picha yake ipo hadi leo katika kasri la Nymphenburg pamoja na nyingine 35, ikiwamo ya binti wa fundi viatu. Kama mfalme na Jane walikuwa wapenzi au marafiki, wanahistoria wanabishana, na mimi ubishi huo siuingii. Mwaka 1833 aliolewa na Baron Karl von Venningen. Wakapata mtoto wa kiume na wa kike. Kisha akatokea Count Spyridon Theotokis wa Corfu, na Jane akatoroka naye. Venningen akawakimbiza, akawakamata njiani, wakapigana kwa bastola, Mgiriki akajeruhiwa, na baroni, kwa uungwana ambao mimi hunishinda kuuelewa, akamchukua majeruhi nyumbani kwake auguzwe. Mwishowe alimwachilia mkewe, wakabaki kuandikiana barua. Jane aliingia dhehebu la Orthodox akaolewa na Theotokis mwaka 1841, wakati talaka ya baroni ilikuwa haijakamilika katika karatasi.

Watoto wa Venningen walibaki kwa baba yao. Wasimulizi wanaompenda Jane hupita hapa mbio, na wanaomchukia huzidisha sauti. Sheria za wakati ule zilimpa baba watoto, na Uingereza yenyewe, ilipoanza mwaka 1839 kuwaruhusu akina mama waombe kukaa na watoto wao wadogo, iliwatoa wazinzi. Kwa hiyo chaguo lake halikuwa kati ya kuwachukua na kuwaacha. Lilikuwa kati ya kubaki na kuondoka. Aliondoka. Sioni haja ya kumsafisha kwa hilo. Barua zake zinaonyesha mtu ambaye mwanzoni hakuwa na hamu kubwa ya ulezi, na kujidai kwamba kila mwanamke aliyebanwa na sheria alikuwa mama mwenye uchungu ni uongo mwingine.

Ila kwa Leonidas mambo yalikuwa tofauti. Huyu, mtoto wa Theotokis aliyezaliwa mwaka 1840, ndiye pekee aliyempenda waziwazi bila kiasi. Mwaka 1846, walipokuwa Bagni di Lucca nchini Italia, mtoto huyo wa miaka sita alianguka kutoka kwenye roshani, akafa mbele ya mama yake. Ndoa na Theotokis haikuishi baada ya hapo. Yaliyofuata Ugiriki, tetesi za Mfalme Otto, ambaye ni mwana wa yuleyule Ludwig, na maisha ya mapangoni na Jenerali Hadjipetros, mkongwe wa vita vya uhuru, yanasomeka kama vituko. Mimi nayasoma kama mtu asiyejua akae wapi. Jenerali alimalizwa na jambo dogo: alimtongoza mjakazi wa Jane.

Mwaka 1853, akiwa na miaka 46, alishuka Syria. Alitaka kuona magofu ya Palmyra, na safari ya kwenda huko ilipita jangwani kwenye himaya za makabila ya Anazeh, ambayo yaliwatoza wageni ada ya kuwalinda. Aliyepewa kazi ya kumsindikiza alikuwa Medjuel el Mezrab, wa ukoo wa masheikh wa kabila dogo la Mezrab, msomi kwa kipimo cha jangwani, mdogo kwake kwa takriban miaka 20. Ubalozi wa Uingereza ulijaribu kumzuia asifanye wazimu. Wakafunga ndoa kwa sheria ya Kiislamu, na ndoa hiyo ikadumu mpaka kifo.

Ulaya ilisema kwamba hapo ndipo alipofika chini kabisa. Mimi naona kwamba kati ya mikataba yote minne aliyoingia, huu ndio pekee alioujadili mwenyewe. Medjuel alikuwa na mke. Jane alitaka yule mke arudishwe kwao na haki zake, na kwamba yeye akiwa hai asiletewe mke mwenza. Alikubaliwa. Hakulazimishwa kubadili dini, na hakubadili. Na juu ya yote, katika sheria aliyoingia, mali ya mke ni ya mke. Anayejua mambo ya kadhi hatashangaa, lakini Mwingereza wa mwaka 1855 aliyemwonea huruma bibi yule kwa kuangukia mikononi mwa "washenzi" alikuwa anatoka katika nchi ambayo mkewe asingeweza kuandika wosia bila ruhusa yake.

Alijenga nyumba nje ya lango la Damascus, yenye bustani na zizi la farasi. Nusu ya mwaka waliishi hapo, nusu nyingine hemani. Alivaa kama wake wa Kibedui, akazitia rangi nyeusi nywele zake za dhahabu kwa kuwa huko zilidhaniwa kuleta husuda, akakama ngamia, akajifunza Kiarabu juu ya lugha nyingi alizozijua. Wenyeji walimwita Umm al-Laban, mama wa maziwa, kwa weupe wake. Julai 1860, Wakristo wa Damascus walipochinjwa kwa maelfu na Amiri Abd el-Kader wa Algeria akawa anawaokoa wengi kwa kuwaficha kwake, nyumba ya Jane haikuguswa.

Hata hivyo wanaomfanya shujaa wa uhuru wa wanawake huko jangwani wanajikwaa. Mwanamke yuleyule alisimama akimhudumia mumewe chakula, akamnawisha miguu. Shajara zake za uzeeni zimejaa wivu: anahesabu siku ambazo Medjuel hakuja, anashuku kwamba sharti la kutomletea mwenza limevunjwa kwa siri. Alipofika miaka 60 alikuwa bado anaandika kama msichana. Alijichagulia utumishi wake, hilo ni kweli, lakini ulikuwa utumishi.

Mashahidi wetu wa miaka hiyo ni watu tunaowafahamu. Mwaka 1869 balozi mpya wa Uingereza mjini Damascus alikuwa Richard Burton, yuleyule aliyeondoka pwani karibu na Bagamoyo mwaka 1857 akafika Ujiji na kurudi kuandika kuhusu watu wa pwani na bara kwa dharau isiyosahaulika. Mkewe Isabel akawa rafiki wa Jane, wakikaa pamoja jioni juu ya paa. Isabel alimsifu kwa akili, elimu na adabu. Lakini aliandika pia kwamba hakuweza kuelewa jinsi rafiki yake alivyoweza kuguswa na ngozi nyeusi ya mume yule. Wazo lenyewe lilimtetemesha. Waume watatu wa kwanza wangesamehewa polepole. Aliyeikera Ulaya hadi mwisho ni wa nne, na kosa lake halikuhusu ugoni hata kidogo.

Aliporudi kwao mara ya mwisho, kati ya mwisho wa 1856 na mwanzo wa 1857, jina la Medjuel halikupendwa kutajwa nyumbani. Hakukaa. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria ya kuipeleka talaka mahakamani, ili malodi wasisikilize tena wahudumu wa hoteli. Mume sasa alitakiwa kuthibitisha ugoni tu. Mke alitakiwa kuthibitisha ugoni na jambo jingine juu yake, kama ukatili au kutelekezwa miaka miwili. Ilichukua mpaka 1923 kuondoa tofauti hiyo.

Mwaka 1873 uvumi wa kifo chake ulifika Ulaya na magazeti yakamwandikia tanzia. Yeye akazisoma akiwa mzima. Alifariki kweli Damascus tarehe 11 Agosti 1881, akazikwa katika makaburi ya Waprotestanti mjini humo.

Bado wapo wanaosema kwamba Medjuel alifuata fedha. Inawezekana. Kabila lake lilikuwa dogo na maskini, mke alikuwa na kipato cha uhakika, na kipato hicho kilijenga nyumba. Lakini anayetaka kuita ndoa hiyo biashara aanze na ile ya Oktoba 1824, ambapo msichana wa miaka 17 na fungu la baba yake la meli za Kihispania vilikabidhiwa kwa waziri mtarajiwa, mbele ya kasisi, na hakuna gazeti lililoona kashfa.